Soketi za Lisp: kabla hujalaumu mtandao

Natuma ujumbe kwa usocket (maktaba ya lugha ya programu Lisp ya kuunganisha programu mtandaoni), upande wa pili haupati kitu. Ni mtandao wa huku Kasulu?

Ujumbe bado uko kwako, kwenye bafa, hifadhi ya muda kabla ya kutumwa. Ukishaandika kwenye `socket-stream`, ita `force-output` iusukume nje. Swali hili limejibiwa hapa mara tatu. Mtandao wa Kasulu una dhambi zake, ila hii si yake.

Niijaribu vipi seva yangu bila kumaliza bando? (Mwanga, Kigoma)

Tumia 127.0.0.1, anwani ya kompyuta yako yenyewe. Hakuna baiti inayotoka nje ya kompyuta, hata modemu ukiichomoa jaribio linaendelea.

Anza na `socket-listen` kwenye "127.0.0.1", poti 0 (poti ni namba ya mlango wa programu; 0 maana yake mfumo uchague iliyo huru), halafu uliza kwa `get-local-port` umepewa poti gani. Wanaong'ang'ania 8080 ndio hao hao wanaolalamika kwamba jaribio linapita asubuhi na kugoma mchana: programu nyingine imeshaikalia. Kisha fungua uzi (thread, kazi inayokwenda sambamba) kwa maktaba ya bordeaux-threads na uweke `socket-accept` humo. `Socket-connect`, yaani upande wa mteja, ibaki nje.

Shika mpangilio huo. `socket-listen` ikiingia ndani ya uzi, mteja anaweza kubisha kabla mlango haujawekwa, upate `connection-refused-error`. Wengi hapo wanapachika `(sleep 2)`. Huko ni kubahatisha! Mashine ikilemewa sekunde mbili hazitoshi, isipolemewa umezipoteza bure. Kusikiliza kukitangulia, mteja aliyewahi anangoja kwenye foleni ya mfumo mpaka apokelewe.

Soketi ni tatu: ya kusikiliza, ya mteja, na iliyozaliwa na `socket-accept`. Zifunge zote ndani ya `unwind-protect`, inayofanya usafi hata kosa likitokea, maana jaribio likianguka katikati zitabaki wazi.

Na yote yakipita, usishangilie bado. TCP, njia ya usafirishaji ambayo soketi hizi hutumia, hubeba mfululizo wa baiti, haijui ujumbe wako unaishia wapi. Tuma nusu, `force-output`, ngoja kidogo, tuma nusu iliyobaki. Seva nyingi hufia hapo.

Nimeweka `:timeout 5` kwenye `socket-connect`, lakini `read-line` inaganda. (Nzega)

Hizo sekunde 5 ni za kuunganisha tu. Kabla ya kusoma, ita `wait-for-input` yenye `:timeout 5 :ready-only t`. Ikirudisha NIL, hakuna kilichofika. Ila mstari ukifika nusu, `read-line` itaganda vilevile. Soma baiti zilizopo, uunganishe mstari mwenyewe.

Picha inafika imeharibika.

`:element-type '(unsigned-byte 8)`, pande zote mbili. Usiposema, usocket huchukulia unatuma herufi.

Niko Ujiji, mwenzangu wa Tabora haifikii seva yangu. Wote tunatumia modemu za simu.

Kwa walio kwenye Wi-Fi yako, sikiliza kwenye 0.0.0.0 (anwani zote za mashine yako) badala ya 127.0.0.1. Kwa wa Tabora hilo halitoshi: kwenye mitandao ya simu, kwa kawaida wateja wengi hugawana anwani moja ya nje, na muunganisho unaotoka kwake haujui pa kukupata. Kodi seva yenye anwani yake. Ukishaipata, usithubutu kuianika poti 4005 ya Swank (seva inayokuwezesha kuendesha Lisp kutoka kwenye kihariri) ili "kurekebisha ukiwa mbali". Atakayeunganisha hapo anaendesha Lisp yoyote kwenye mashine yako. Pitia SSH, muunganisho uliosimbwa unaodai uthibitisho.

Majaribio ya usocket yenyewe yanafeli, nimeshusha upya mara nne.

Baadhi yanaitafuta common-lisp.net. Umewasha data?