Paa lilivuja kwa sababu ya kidole changu

Impakti yangu ya kwanza, ile drili fupi ya betri inayofunga skrubu huku ikipiga kelele tagatagataga, niliinunua nikiwa nimechoshwa na drili ya kawaida. Skrubu ikikaza, drili inageuka na mkono wako. Wiki hiyohiyo nikapata kazi ya kuezeka Chanika, bati za msauzi. Raha niliyoiona siku ile! Skrubu zinazama kwenye papi, zile mbao zinazoshikilia bati, kama mhogo uliochemka. Nikawa nabonyeza triga mpaka mwisho, na kila skrubu naiongezea mapigo manne matano ya ziada, eti iwe imara.

Masika yalipoingia, mwenye nyumba akapiga simu. Nikapanda. Sasa, skrubu ya bati ina washa, kile kipete cha chuma, yenye mpira mweusi chini yake, na mpira huo ndio unaozuia maji. Mimi nilikuwa nimeuminya mpaka umetokeza nje kama ulimi, mwingine umechanika kabisa, na bati lenyewe limebonyea likafanya kibakuli kuzunguka kila skrubu. Maji yanatulia pale, yanatafuta njia. Nilibadilisha skrubu zaidi ya mia mbili kwa hela yangu, na chai hatukupewa.

Tangu siku hiyo nafunga hivi: naanza taratibu ncha itoboe bati, naongeza mwendo ikiingia kwenye mbao, halafu washa ikikaribia bati nalegeza kidole. Mpira ukichungulia kidogo tu ukingoni mwa washa, basi. Na jipsamu sifungi kwa impakti, kichwa cha skrubu kinachana karatasi kabla hujajua. Hapo ni mahali pa drili ya kawaida yenye pete ya kupunguza nguvu.

Ndani ya mashine kuna nyundo ndogo na springi. Skrubu ikigoma, nyundo inarudi nyuma kisha inaachia na kugonga kwa kuzungusha, maelfu ya mara kwa dakika. Haigongi kwenda mbele. Ndiyo maana ukimwona kijana anaisukuma kwa kifua atoboe nguzo ya zege, mwambie akaazime drili ya nyundo, anaua biti, ile ncha inayochomekwa puani, bure.

Tukija kwenye biti, za kawaida hukatika ncha mapema kwa sababu ya mapigo hayo. Zile za impakti nyingi zina kiuno chembamba katikati, kinajipinda kidogo badala ya kukatika. Angalia pia kichwa cha skrubu: kikiwa na msalaba mtupu ni PH, kikiwa na vistari vinne vidogo kati ya mikono ya msalaba ni PZ. Ukizichanganya, kichwa kinalika. Kwa bati natumia soketi ya 8 mm yenye sumaku. Sumaku hiyo hujaa unga wa chuma, skrubu haikai mpaka ndani, inayumba. Usihangaike na kitambaa: bandika selotepu, vuta, unga wote unatoka nao.

Betri ndiyo inayokula hela, na ndiyo inayodanganya. Madukani utaona imeandikwa 88V, 98V. Kwenye betri za aina hii seli 5 zimeunganishwa kwa kufuatana, kila moja volti 3.6, jumla 18. Ikijaa chaji kila seli inafika 4.2, jumla 21. Kwa hiyo 18, 20 na 21 ni betri ileile. Nenda na mita yako, pima betri iliyojaa, ile 88 itakuambia yenyewe ni ngapi.

Adui wake ni joto. Usiilaze juu ya bati saa saba mchana ukashuka kula. Ikiwa moto usiichomeke kwenye chaja papo hapo, ipumzishe kivulini mpaka ipoe. Mashine ikianza kulegea, badilisha betri, usiikamue mpaka ife. Kama hutakuwa na kazi miezi miwili, ihifadhi ikiwa na nusu chaji.

Jioni napiga brashi kwenye matundu ya hewa, hasa baada ya kufanyia kazi mninga. Mashine zenye kaboni, zile brashi za ndani ya mota, zikitoa cheche nyingi na harufu ya kuungua, badilisha kaboni zote mbili kwa pamoja. Mlio ukiwa mkavu, fungua pua uongeze grisi kiasi, ukiijaza itavujia kwenye mota. Na ziba masikio, mimi la kulia tayari linanisumbua.

La kuazimana: mashine naazimisha, betri siazimishi. Jirani yangu fundi aluminiamu alininunia wiki mbili kwa hilo. Juzi kaja kuazima tena, betri yake mfukoni.