Re: Kipa wa akiba mechi 10 tu, anafaa kupewa namba?

Mkuu, huyo kipa wako wa akiba wa hoki ya barafuni, kwa mechi 10 na asilimia 92.5 ya mashuti aliyookoa, mimi ningetulia kwanza kabla ya kumpa namba. Piga hesabu: mechi 10 ni kama mashuti 280, kwa hiyo karuhusu mabao 21. Ongeza matano tu, mawili yakiwa yamegonga mguu wa beki wake yakabadili njia, anashuka hadi 90.7. Mtu ni yule yule.

Mkumbuke Andrew Hammond, kipa wa Ottawa Senators ya NHL (ligi kuu ya hoki Marekani na Kanada), msimu wa 2014-15. Mechi 24, kashinda 20, asilimia 94.1, mashabiki walikuwa wanarusha baga uwanjani kwa shangwe! Msimu uliofuata 91.4, na hakuwahi kuwa kipa namba moja wa kudumu NHL. Dalili zilikuwepo: msimu ule ule, kabla hajapandishwa, kule AHL, ligi ya chini ya NHL, alikuwa chini ya asilimia 90. Hapo ndipo ningeanzia, maana ligi ya chini huwa ina mechi zake nyingi zaidi. Halafu angalia anapangwa na nani. Wa akiba wengi hupewa vibonde, au mechi ya pili timu inapocheza siku mbili mfululizo na iko hoi.