Boga la kujaza: nyama ipikwe kivyake

Mara ya kwanza kujaza boga nilifanya kama ninavyofanya kwa pilipili hoho. Nikalikata, nikatoa mbegu, nikashindilia nyama mbichi ya kusaga na vipande vya tufaha, kisha oveni. Baada ya saa nzima nyama ilikuwa imekauka kama kokoto, na boga bado linagomea uma. Wageni walikula kwa adabu. Hakuna aliyeongeza.

Siku hizi boga linatangulia peke yake. Kulikata ndiyo kazi yenyewe, maana linabingirika. Weka kitambaa kibichi chini ya ubao, anza kwa ncha ya kisu, na kikonyo usipigane nacho. Pita pembeni yake. Likikushinda kabisa, liingize zima kwenye oveni dakika kumi, ganda litalegea kidogo. Kwangua nyuzi na mbegu kwa kijiko, paka mafuta na chumvi kwa ndani, kisha laza nusu zote mbili kifudifudi kwenye trei. Mvuke unabaki chini yake na kulilainisha. Kwa nyuzi joto 200, dakika 40 hivi hutosha kwa boga dogo. Kisu kipenye bila kusukumwa, ila ganda lisiporomoke.

Huku nyuma, kaanga kitunguu, halafu nyama ya ng'ombe au kondoo, mpaka maji yote yaishe na uanze kusikia mafuta yakitoa sauti. Usikimbilie kukoroga, iache ishike rangi. Bizari nyembamba, pilipili manga na mdalasini kidogo vinatosha.

Matunda ndiyo yaliyonisumbua zaidi. Boga lina sukari yake, na niliwahi kutia matufaha matatu nikapata jamu yenye nyama. Sasa kwa nusu kilo ya nyama natia tufaha moja tu, lile gumu lenye ukali, na ukufi mmoja wa zabibu kavu. Zabibu zilowekwe kwanza kwenye maji ya uvuguvugu, la sivyo zile za juu zinaungua na kuwa chungu. Tufaha liingie mwishoni, ili ukitafuna ulisikie. Kamulia ndimu.

Kwenye kuonja, usionje nyama peke yake. Kwangua kijiko cha boga lililoiva, weka nyama juu yake, onja vyote kwa pamoja. Nyama ikiwa sawa kwa chumvi ikiwa peke yake, ndani ya boga itapwaya. Mimi naiacha izidi kidogo.

Pindua boga, mwaga maji yaliyojikusanya ndani, jaza mpaka nyama ifanye kichuguu, rudisha dakika 15. Wengine hutia jibini juu. Kwangu utamu umeshatosha, naona linafunika tu ile nyama niliyoihangaikia. Zile mbegu nazo usizitupe: zioshe, zikaushe, zitie chumvi, uzipitishe kwenye oveni hiyo hiyo. Zangu huwa zimeisha kabla boga halijafika mezani.