Mbwa msasi anayetoroka akinusa kanga: yaliyonisaidia mimi hapa Tanga

Ndugu yangu wa Muheza, nimelisoma swali lako mara mbili, kwa sababu ni kama ulikuwa unamweleza mbwa wangu. Unasema wako ana miezi kumi, mama yake ni pointa, yule mbwa wa kizungu wa kuwindia ndege, na baba yake mbwa wa kienyeji, mwepesi na mwelewa, lakini akifunguliwa tu na kunusa kanga, wale ndege wa porini, upande wa mashamba hutokomea mpaka magharibi; umemchapa, umemfunga mnyororo mchana kutwa, na sasa unauliza kama kilichobaki ni kumuuza. Usimuuze kwanza. Nitakueleza nilivyohangaika na wangu karibu mwaka mzima, nikianza na makosa yangu, maana nahisi mawili kati ya hayo na wewe unayafanya.

Mimi naishi nje kidogo ya jiji, upande wa Pongwe, na ua wangu umepakana na shamba la katani. Mbwa nilipewa na mtu aliyekuwa anahama, akiwa na umri wa mwaka na kitu, na jina alikuja nalo: Twende. Nililipenda. Zilipita wiki kadhaa ndipo nikang'amua kwamba bwana wake wa kwanza alikuwa akimfungulia lango kila asubuhi kwa neno hilohilo, mbwa akachomoka, kwa hiyo kila niliposimama ukingoni mwa katani nikipaza sauti "Twende! Twende!", mwenzangu alikuwa anapokea ruhusa ya kuendelea na safari. Vijana wa jirani walicheka mpaka wakakaa chini.

Siku iliyonifunza ilikuwa baada ya masika, nyasi zikiwa ndefu katikati ya mistari ya katani. Kanga, kama unavyowajua, hawana haraka ya kuruka. Hutimua mbio kwanza, na kwa mbwa wa kuwinda hakuna kishawishi kikubwa kuliko kitu kinachokimbia chini mbele ya pua yake. Twende alitoweka saa moja asubuhi, akarudi kesho yake jioni akichechemea, kitanzi cha waya cha wategaji kimemkaza mguu wa mbele, na jicho la kushoto limevimba kwa kuchomwa na ncha ya jani la katani. Wahenga walisema msasi haogopi miiba, lakini miiba nayo haimwogopi msasi. Sasa nisikilize nilichofanya: kwa hasira na kwa hofu niliyokuwa nayo usiku kucha, nilimchapa fimbo tatu palepale langoni, kabla hata ya kumfungua ule waya.

Jicho lilipona kwa dawa za daktari wa mifugo. Kilichochelewa kupona ni zile fimbo tatu. Kwa mbwa, adhabu hushikamana na tendo la mwisho alilolifanya, na tendo la mwisho la Twende lilikuwa kurudi nyumbani. Kukimbia kulikuwa kumekwisha tangu jana na kulikuwa kutamu. Kurudi ndiko kulikomletea fimbo. Baada ya hapo alianza tabia ya kurudi mpaka mita ishirini, akalala chini, akanitazama, na nikimsogelea anainuka na kuhama. Kama wako naye anakuzungukazunguka kwa mbali bila kukubali kushikwa, basi tayari ameshajifunza somo hilo kutoka kwenye mkono wako.

Waliokaa madrasani na kusoma fiqhi ya Kishafi watakumbuka masharti ya mbwa anayehesabiwa kuwa amefundishwa: akitumwa aende, akikemewa aache, akiua windo asilile, na mambo hayo yajirudie mpaka ijulikane kuwa ndiyo tabia yake. Niliyasoma utotoni nikayapita, kwa sababu kwetu hakuna aliyekuwa anawinda. Niliyakumbuka nikiwa na fimbo mkononi, na nikaona kwamba sharti la kwanza mbwa wetu hawa wanazaliwa nalo, halihitaji mwalimu. Sharti la pili ndilo tunalolitafuta, na lile la kujirudia ndilo tunalolikimbia, kwa kuwa kila mmoja wetu anataka mbwa aache leo kwa sababu jana alikemewa.

Nilianza kwa kulitupa lile jina kama neno la kumwitia. Alibaki kuitwa hivyo, lakini wito wake ukawa firimbi, kwa kuwa mlio wa firimbi hauna hasira wala uchovu ndani yake na unafika mbali kuliko sauti ya mtu. Wiki mbili za kwanza sikutoka uani. Napuliza, kisha papo hapo natoa kitonge cha pupu (pafu) la ng'ombe lililochemshwa na kukaushwa juani, kikubwa kama punje ya mahindi, mara kumi asubuhi na mara kumi jioni, hata kama amesimama miguuni pangu. Pupu ni rahisi buchani na linanuka vizuri, yaani vizuri kwa pua yake. Dagaa nao wanafaa, wale wasiotiwa chumvi. Chakula chake cha kawaida, ugali na mabaki ya samaki, sikukitumia kufundishia, kwa sababu mbwa hawezi kuacha kanga kwa kitu ambacho atakipata jioni hata asipofanya chochote.

Kuna kichekesho kilichonirudisha nyuma kidogo. Firimbi niliyonunua ilikuwa ya refa, na nyuma ya nyumba kuna uwanja wa vijana. Alasiri moja Twende aliruka ukuta, akaingia uwanjani katikati ya mchezo, akaenda kukaa wima mbele ya refa, mdomo wazi, akingoja pupu lake. Refa alikimbia zaidi ya washambuliaji. Tangu siku hiyo mlio wetu ni mitatu mifupi, pii-pii-pii, ambao refa wa uwanja ule haupulizi.

Baada ya ua ilikuja kamba, na hapa ndipo nakuomba uwe na subira kubwa. Kwa miezi minne, ukiacha asubuhi moja nitakayokueleza, Twende hakukanyaga nje ya ua bila kamba ndefu, ya mita tano kwanza, baadaye ya mita kumi na tano. Sababu yake ni kwamba kila mara mbwa anapoitwa asije, kisha akafaidi mbio zake, anajifunza kwamba wito si lazima. Kukimbiza ni zawadi inayojilipa yenyewe, hata asipokamata kitu. Kamba inaondoa nafasi ya kujifunza hivyo. Nilijaribu kamba ya katani kwa kuwa ndiyo iliyojaa huku kwetu, lakini inakunywa umande, inakuwa nzito, na inachuna viganja. Nilihamia kamba ya nailoni ya wavuvi, nene kama kidole kidogo, nikaipiga fundo kila baada ya mita tatu ili nikiikanyaga isiteleze chini ya kiatu. Usiizungushe mkononi hata siku moja. Vilevile usiifunge kwenye ukanda wa shingoni, kwa sababu mbwa anayefika mwisho wa mita kumi na tano kwa kasi ataumia shingo. Fundi viatu alinishonea mkanda wa kifua kwa mkanda wa usalama uliotoka kwenye gari bovu, na mpaka leo haujachanika.

Kamba si ya kumvutia kama ndoo ya kisima. Unapuliza mara moja tu. Akija, mpe vitonge vitatu au vinne mfululizo na maneno matamu. Asipokuja, usirudie kupuliza. Ishike kamba, rudi nyuma hatua kadhaa ukimfupishia, na akikuelekea tu msifu. Ukipuliza mara sita unamfundisha kwamba mlio wa sita ndio wenye maana. Jambo jingine lililobadilisha mambo kwangu ni kumwachia tena. Zamani nilikuwa namwita wakati wa kumfunga tu, kwa hiyo kila wito ulikuwa mwisho wa starehe, sasa kati ya wito kumi, tisa unaishia kwa kupewa kitonge na kuambiwa "haya, nenda." Unashangaa jinsi mnyama anavyorudi kwa hiari pale ambapo kurudi hakumnyang'anyi kitu.

Lakini kama ungeniomba nikupe jambo moja tu, ningekwambia jifunze kumsoma kabla hajaondoka. Mbwa mwenye damu ya pointa hakurupuki moja kwa moja. Akiwa anatembea, mdomo wake uko wazi na ulimi nje. Akiipata harufu, mdomo unafumba ghafla, kuhema kunakoma, masikio yanasogea mbele, mkia unanyooka na kukakamaa, na pengine mguu mmoja wa mbele unabaki hewani. Hapo una sekunde mbili, au tatu ukiwa na bahati. Firimbi ya wakati huo anaisikia. Firimbi ya baada ya hapo, akiwa ameshawaona kanga wanakimbia, ni kama kumpigia mbuzi gitaa, na ukimlaumu kwa kutosikia unamwonea. Mimi nilikuwa nachelewa kwa sababu nilitembea nikitazama simu. Nilipoanza kumtazama yeye, nilianza pia kuona kwamba asubuhi yenye upepo wa baharini anainasa harufu mbali zaidi, na siku hizo namfupishia kamba mapema.

Kuhusu mnyororo wa mchana kutwa, ufungue. Mbwa wa namna hii aliyekaa saa kumi bila kazi hutoka langoni kama maji yaliyovunja tuta, na hakuna mafunzo yatakayomshika. Twende anatoka saa kumi na mbili asubuhi kabla jua halijachachamaa, kwa muda wa saa moja na nusu, na jioni anapewa kazi ya pua: naficha vipande vya pupu chini ya makumbi ya nazi, nyuma ya mapipa, juu ya tawi la mwembe, naye anavitafuta. Dakika ishirini za kunusa zinamchosha kuliko saa nzima ya kukimbia, nami nimekaa kwenye kiti nakunywa kahawa yangu.

Umegusia pia kumhasi. Kuhasi humpunguzia dume safari za kufuata majike wenye joto, na kwa hilo nakuunga mkono, lakini hamu ya kukimbiza kanga haimo humo, kwa hiyo usitarajie kisu kifanye kazi ya kamba. Kuna rafiki yangu alinishauri nimvishe ukanda wa umeme unaomshtua kwa rimoti. Sikukubali, kwani mbwa anaposhtuliwa akiwa anamtazama mtoto aliyekatiza njiani, anaweza kuamini kwamba mtoto ndiye aliyemuuma.

Hili la watu ndilo ambalo wenzetu wa bara huenda wasilione kwa uzito wake. Huku pwani mbwa anayezurura hamsumbui bwana wake peke yake. Mwezi wa kwanza tu Twende aliingia uani kwa jirani yangu, mama mtu mzima, akalamba sufuria iliyokuwa imelowekwa. Alinijia na kauli ya upole iliyonichoma kuliko matusi: "Mwanangu, mbwa wako kanitia najisi vyombo, na maji leo hayajatoka." Sufuria hiyo ilihitaji kuoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Nilimpelekea ndoo nne za maji na udongo safi, nikaosha mwenyewe, na siku ileile nikapandisha ukuta kwa tofali mbili, ambazo kama ulivyoona hazikutosha mpaka nilipoongeza la tatu. Hakikisha pia chanjo ya kichaa cha mbwa inarudiwa kila mwaka, maana mbwa wa aina hii hukutana na wanyama usiowaona, akina nguchiro na mbweha. Na akikurudia na digidigi mdomoni, usijisifu mitaani: kuwinda bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, nawe hutakuwa na mahali pa kusemea kwamba mwindaji ni mbwa.

Wako ana miezi kumi, na umri huo mpaka mwaka na nusu ndio wa ujeuri; hata yale anayoyajua atajifanya kayasahau. Mwezi wa tatu wa kamba nilidhani nimeshinda, nikaiacha nyumbani asubuhi moja, akanipotea saa tano nzima, na ikanibidi nirudi kwenye kamba ya mita tano kama mwanzo. Aliporudi siku hiyo, nilijikaza, nikachuchumaa, nikampa vitonge vyote vilivyokuwa mfukoni. Mke wangu alinitazama kama mtu aliyerogwa. Ila jioni ile mbwa hakulala mita ishirini kutoka kwangu. Alikuja mpaka magotini.

Leo ana miaka minne. Kwa kanga na kwale anageuka kwa mlio mmoja, kwa sungura anageuka mara nyingi, si zote. Kwa ngedere nimeshindwa: wale wanamtukana kutoka juu ya mti, na hakuna pupu linaloweza kushindana na hilo. Tukikaribia miembe ya upande wa Amboni namvisha mkanda wa kifua na kuishika kamba fundo la kwanza.