Umekatwa NSSF? Uliza kama zimefika

Kila mwisho wa mwezi kwenye feri ya Likoni nasikia kilio kile kile juu ya NSSF, mfuko wa taifa wa akiba ya uzeeni hapa Kenya. Mtu ametazama simu, mshahara umeingia, anamgeukia mwenzake: "Wallahi hawa watatumaliza. NSSF peke yake elfu mbili na mia nne!" Namuelewa. Ukilipwa shilingi 40,000, kisha utoe kodi ya nyumba, karo na nauli, kila mia ina kazi yake. Lakini nimeandaa mishahara hapa Mombasa miaka kumi na moja sasa, na linalonitia uchungu mimi si kukatwa, ni pesa zilizokatwa zisipofika kwenye mfuko.

Hebu tuipige hesabu hiyo ya 40,000, kwa sababu wafanyakazi wengi hawajawahi kupigiwa. Mwajiri hukukatia NSSF asilimia 6 ya mshahara, hadi kikomo ambacho kimekuwa kikipanda kila Februari tangu 2023. Hapo ni 2,400. Mwajiri naye anatakiwa atoe 2,400 nyingine kutoka mfukoni mwake, si kwenye mshahara wako. Kisha mchango wako huondolewa kabla ya kodi ya mapato kupigwa. Kwa mshahara huu, sehemu ya juu hutozwa asilimia 30, kwa hivyo unaokoa 720 za kodi. Kumbe mkononi umepungukiwa na 1,680 tu, na huku akaunti yako imeingia 4,800. Bima ya afya ya SHIF, asilimia 2.75, na ushuru wa nyumba, asilimia 1.5, ni makato mengine kabisa. Usiyachanganye na haya.

Godauni nililoanzia kazi, Shimanzi, palikuwa na mzee mmoja mlinzi. Enzi hizo mfanyakazi alikatwa 200 na mwajiri akaongeza 200, basi. Miaka ishirini ya namna hiyo ni shilingi 96,000 kabla ya riba. Kwa viwango vya sasa, mtu wa 40,000 anazifikisha kwa miezi ishirini. Kila ninapoyasikia malalamiko ya pale feri, namkumbuka mzee yule.

Yeye ndiye aliyeniambia, "Mwanangu, karatasi usitupe. Karatasi ndiyo shahidi wako." Nikawa nazitia hati zangu za mshahara kwenye mkebe wa biskuti, nikamuachia mama chumbani kwake.

Nilipoacha kazi ile baada ya miaka mitatu, nilienda NSSF kuomba taarifa ya michango yangu. Dada wa kaunta akanigeuzia kioo cha kompyuta nijionee. Miezi kumi na minne ilikuwa mitupu! Na kila hati mkebeni ilionyesha nimekatwa 200. Jumla, pamoja na sehemu ya mwajiri, ilikuwa 5,600. Si pesa nyingi, lakini zilikuwa zangu, na kama singeuliza ningekuja kujua nikiwa na miaka 60, pengine kampuni yenyewe haipo tena. Niliandika barua, nikaenda hadi kwa afisa wa leba na mkebe wangu kwapani, na baada ya miezi kadhaa zikalipwa. Wenzangu wawili waliokuwa wametupa hati zao walisumbuka sana.

Hapa ndipo watu hawaelewi. Marekani, kwa mfano, mfanyakazi hukatwa asilimia 6.2 kwa hifadhi ya jamii na mwajiri hutoa kiasi hicho hicho, na pesa hizo ndizo zinazowalipa wastaafu wa leo. Kwetu Kenya kila mwanachama ana akaunti yake. Mfuko huwekeza michango, kwenye hati fungani za serikali, hisa na majumba, na riba huhesabiwa juu ya kilichoingia kwa jina lako. Mwezi usiopelekwa hauzai chochote, na hakuna atakayekuzibia pengo hilo.

Kwa hivyo, ndugu yangu, dai hati ya mshahara kila mwezi. Sheria ya Ajira ya 2007 inakupa haki hiyo, na makato yote yawe yameandikwa moja moja. Mwajiri anatakiwa awasilishe michango kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Wewe itazame taarifa yako walau kila baada ya miezi mitatu, uilinganishe na hati zako mstari kwa mstari.

Ukikuta mwezi mtupu, usianze na ugomvi. Nenda kwa anayeandaa mishahara, msalimu, muonyeshe. Mara nyingine ni nambari ya uanachama iliyokosewa tarakimu moja, na mimi mwenyewe nimewarekebishia watu kwa dakika kumi. Lakini ukiona unazungushwa "njoo kesho, njoo kesho", andika barua, igongeshe muhuri wa kupokelewa, baki na nakala, halafu ipeleke NSSF na ofisi ya leba ungali bado kazini, mashahidi wako wangali wapo.