Taa ya tiba iwashe asubuhi

Pole sana ndugu. Umesema huzuni hukurudia kila majira ya baridi, na taa ya tiba, yaani taa ya mwanga mkali wa kupunguza huzuni hiyo, unayoiwasha jioni haijakusaidia, tena usingizi umezidi kupotea. Tatizo naliona kwenye wakati unaoiwasha. Mwanga mkali wa jioni huchelewesha melatonini, homoni inayouandaa mwili kulala, hivyo saa ya mwili, yaani mpangilio wake wa ndani wa kulala na kuamka, inazidi kubaki nyuma. Iwashe taa mara tu baada ya kuamka.

Kagua pia nguvu yake. Inayopendekezwa sana ni ya luksi (kipimo cha mwangaza) 10,000, dakika 20 hadi 30 kila siku; taa za kawaida za ndani mara nyingi hazifiki hata luksi 500. Iwe na kichujio cha miale ya urujuanimno (UV), inayoweza kudhuru macho na ngozi. Kaa karibu nayo kama maelekezo yake yanavyosema, macho wazi, ila usiikodolee. Soma tu kitabu chako. Wengi huanza kuona nafuu ndani ya wiki moja au mbili, kwa hiyo usikate tamaa siku ya tatu.

Ila kama una ugonjwa wa macho au wa baipola (hisia kupanda na kushuka kupita kiasi), muone daktari kwanza, maana kwa mwenye baipola mwanga huu unaweza kuchochea vipindi vya msisimko uliopita kiasi. Na mawazo ya kujidhuru yakikujia, tafadhali usisubiri taa. Tafuta msaada siku hiyo hiyo.