Mwanangu, kuhusu Bibi wa Sukari

Mwanangu,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Ile sauti uliyotuma Jumapili nimeisikiliza mara tatu. Mara ya tatu nilitoka nayo nje nikakaa chini ya mwembe, maana baba yako alishaanza kuniuliza nani kafa.

Ulizunguka sana kabla ya kufika. Baridi ya Leeds huko Uingereza, zamu za usiku, na yule mama Mwingereza ambaye kila akija hapo kazini kwenu, kwenye nyumba ya wazee, kumjulia hali shangazi yake husimama kwanza nje, kwenye dirisha la chumba kingine, kwa sababu hapo ndipo alipomwona mama yake mara ya mwisho mwaka 2020, kioo kikiwa katikati yao. Halafu ukaja kwenye kozi mliyopewa, kwamba nyumba nyingi za wazee zilifungia ndugu nje lakini ugonjwa wa korona ukaingia na wahudumu wenyewe, waliotoka zamu ya nyumba hii wakaenda zamu ya nyumba ile. Ndipo ukauliza: "Mama, inawezekana ni wewe uliyempelekea Bibi wa Sukari?"

Inawezekana.

Nimetanguliza jibu ili usisome barua nzima ukilitafuta. Sasa nikueleze ilivyokuwa, maana wakati ule ulikuwa chuo Dodoma, na mimi kila ukipiga simu nilikuwa nasema tu "tupo salama, Mungu anatusaidia".

Kituo chetu cha wazee unakikumbuka. Si kikubwa kama makazi ya serikali ya Bukumbi kule Misungwi. Wazee 19, vyumba vya vitanda vinne vinne, choo cha nje, tanki moja la maji ya mvua, wahudumu watano na mpishi. Ukiniambia kwamba kwenu mzee akishukiwa alibaki chumbani kwake siku 14, mimi nawaza: chumba kipi? Huku kumfungia mmoja ni kuwafungia na wenzake watatu.

Bibi alikuja kwetu na kanga moja na kikombe cha bati chenye ua la bluu. Kijijini kwao walimwita mchawi. Macho yake yalikuwa mekundu kama ya bibi yeyote aliyepikia kuni na mavi ya ng'ombe miaka 60, na wewe ni Msukuma, unajua macho mekundu yamewamaliza akina mama wangapi. Yeye alikimbia usiku akaokoka. Chai yake ilikuwa na vijiko vinne vya sukari, anahesabu mwenyewe: "Moja, mbili, tatu, na cha mgeni." Kile cha nne alisema ni cha mgeni, ila mgeni hakuwahi kukinywa.

Na Mzee wa Redio unamkumbuka. Ukoma alipona zamani, lakini mkono wa kulia ulibaki na vidole viwili na wa kushoto hauna hata kimoja. Bibi macho yalikuwa yanakwisha, vidole anavyo. Kila asubuhi alimfunga mzee vifungo vya shati, kisha mzee akamshika mkono wakaenda taratibu mpaka chooni. Hakuna aliyewapangia. Sisi wahudumu tulikuwa tunapita na ndoo, kazi moja imepungua.

Machi 16, 2020 Wizara ikatangaza mgonjwa wa kwanza nchini, kesho yake shule zikafungwa, na sisi uongozi ukafunga geti. Sitaki usikie kwamba nalilaumu lile geti. Tulikuwa tumesikia redioni habari za Italia na Hispania, wazee wanakufa vitandani kwa makumi. Tuliweka ndoo ya koki na sabuni, fundi akatushonea barakoa za kitenge, vitanda tukavisogeza mpaka vikagusa kuta.

Ila lile geti lilimfungia nje nani? Kwenu lilifungia watoto na wajukuu. Wazee wetu wengi hawakuwa na mtoto wa kuwatembelea. Wangekuwa naye wasingekuwa pale. Wageni wao walikuwa wanakwaya wa Kwaresima, wanafunzi wa sekondari, akina mama wa Kiislamu wakati wa Ramadhani, na wale vijana wa maofisini wanaokuja na gunia la mchele na kamera. Nilikuwa nawasonya hao wa kamera, kumbe sabuni yetu ya mwezi ilitoka kwao. Makanisa na misikiti haikufungwa, watu waliendelea kusali, lakini kuja kwetu hawakuja tena. Mwaka ule ule sukari nayo ikaadimika, bei ikapanda mpaka serikali ikatangaza bei elekezi. Kufika Mei Bibi alikuwa anakunywa uji mtupu. Kikombe alikuwa anakigeuza tu mkononi, hahesabu.

Na tuliwatenganisha. Wanaume upande wao, wanawake wao, chakula kila mtu na sahani yake kitandani. Nikawa mimi ndiye ninayemfunga mzee vifungo, nimevaa glovu. Nilipomweleza habari za kukaa mita moja alicheka mpaka akakohoa. Akasema, "Mita moja? Mimi watu wameniachia mita hiyo tangu kijana." Bibi yeye hakucheka. Siku moja alipiga chafya, wenzake wawili wakajivuta na mashuka yao, na yeye akaanza kufunga vitu vyake kwenye kanga. Ilinichukua saa nzima kumwelewesha kwamba hakuna anayemfukuza.

Sasa ukiniuliza ugonjwa uliingiaje, niulize mimi nilifikaje kazini. Daladala mpaka Kigongo, halafu kivuko. Daraja ndiyo kwanza lilikuwa linaanza kujengwa. Kwenye kivuko ni bega kwa bega: mizigo, kuku, malori ya samaki, mtu anakuhemea shingoni mpaka Busisi. Nikishuka nanawa mikono kwenye ndoo, napimwa joto kwa kile kibastola, nakuta 36 na nukta, naingia kuwaogesha watu ambao mkwe wao haruhusiwi kufika getini. Kila siku, kwenda na kurudi.

Mwaka 2020 ukapita, hatukuzika mtu kwa ugonjwa ule tunaoujua. Takwimu za taifa zilisimama Mei kwenye wagonjwa 509 na vifo 21, Juni vyuo na shule vikaanza kufunguliwa, na geti letu nalo likaanza kuachwa wazi. Barakoa zikawa za kufutia meza.

Januari na Februari 2021 ndipo uliporudi na jina jipya. Watu walisema "changamoto ya upumuaji". Kila familia mtaani ilikuwa na msiba au inatoka msibani. Tulifukiza nyungu, mchaichai na majani ya mlimao na mwarobaini, tukawafunika wazee blanketi. Wengine walisema wamefunguka kifua. Bibi alilia kwamba tunampika, nikamtoa.

Hapa ndipo pa kwangu, na hili hata baba yako hajalisikia.

Jumatatu moja ya Februari niliamka na mafua. Mafua tu, koo linakwaruza. Tulikuwa wahudumu wawili zamu ile, watatu wanaumwa au wanauguza. Nisipokwenda silipwi siku, na nani atawageuza wale wasiojigeuza? Nikaenda. Jumanne nikaenda. Jumanne jioni nilikaanga dagaa wabichi kutoka soko la Mwaloni, jiko limejaa moshi, baba yako anasema harufu imefika kwa jirani, mimi sinusi kitu. Niliinamia sufuria mpaka mvuke ukaniunguza pua. Hapo nikajua. Jumatano sikwenda, lakini siku zile mbili nilishamwogesha Bibi, nikamkata kucha, nikamlisha. Na wewe mwenyewe umenifundisha Jumapili kwamba mtu huambukiza hata siku moja au mbili kabla hajajisikia, kwa hiyo ongeza na Jumamosi.

Niliporudi baada ya wiki mbili nilimkuta amelala upande. Joto hana. Kikohozi kidogo sana. Mwenzangu akaniambia, "Uzee tu, siku ya nne hataki kula." Tulimpima malaria kwa kile kipimo cha haraka, hakuna. Siku mbili kabla alikuwa ameanguka njiani kwenda chooni. Nilimkorogea chai, sukari ilikuwepo wakati ule, nikamhesabia vijiko vyote vinne kwa sauti. Hakukishika kikombe. Akaniita jina la binti yake aliyekufa zamani.

Wewe leo ungejua mara moja. Umenieleza kwamba wazee mara nyingi ugonjwa huu hauwapandishi homa, unawapoteza akili, unawaangusha, unawakatisha hamu ya chakula. Ningelijua hilo wakati ule, kibastola cha getini ningekitupa ziwani.

Aliugua siku mbili zaidi. Usiku wa pili pumzi zikawa za juu juu, mabega yanapanda, midomo imebadilika rangi. Tulikuwa tunapiga simu kutafuta gari. Alitafuta mkono wangu akaupata, akaanza kuupapasa kama mtu anayekagua kitambaa, akavuta ile glovu kwenye kidole. Niliivua.

Na Mzee wa Redio alikuwa dirishani. Kiongozi wetu alikuwa amesema wanaume wasiingie upande ule. Alisimama nje tangu jioni, uso umegandamana na wavu wa mbu, shati amevaa mwenyewe, vifungo vyote vipo wazi isipokuwa kimoja alichokipitisha tundu lisilo lake. Alisema mara moja tu, "Nifungulie, mama." Nikamwambia, "Subiri kidogo, mzee." Nilikuwa na funguo kwenye mfuko wa aproni.

Basi hicho ndicho ninachokiamkia usiku. Ugonjwa, kama ni mimi niliyeupeleka, niliupeleka nikiwa njiani kwenda kumwogesha, na sioni ningefanya nini kwa mshahara ule na kivuko kile. Lakini mlango ule ulikuwa wangu. Kila aliyekuwa mle ndani alikuwa amekwisha kupumua hewa moja kwa wiki nzima, na mzee mwenyewe alikuwa anakohoa tangu juzi. Sheria ile usiku ule haikuwa inamkinga mtu yeyote. Niliifuata kwa sababu kufuata ni rahisi.

Tulizika watatu kabla ya Pasaka. Hawakuhesabiwa popote. Huko uliko angalau kuna mahali pa kwenda kulia: uliniambia Aprili 2022 Mahakama Kuu ya London ilisema serikali ilivunja sheria ilipowaruhusu wagonjwa kutoka hospitali kuingia nyumba za wazee bila kufikiria kwamba asiye na dalili naye huambukiza. Kanada nako ulisema karibu wanane katika kila kumi waliokufa wimbi la kwanza walikuwa wakazi wa vituo. Mtu amekaa akawahesabu. Jambo lingine linaloniuma ni tarehe. Yule bibi wa miaka 90 aliyechanjwa wa kwanza Uingereza, pale Coventry, alichanjwa Desemba 8, 2020. Bibi wetu alikuwa bado anakunywa chai. Chanjo kwetu alizindua Mama Samia Julai 28, 2021, wahudumu wa afya na wenye miaka 50 na zaidi na wenye magonjwa sugu wakiwa wa kwanza. Mzee wa Redio alinyoosha ule mkono wake wa vidole viwili akamwambia nesi, "Choma hapa, huku hakuna cha kuharibika." Baadhi ya wazee walikataa kabisa, na sikuwalazimisha. Mimi nilichoma Agosti.

Mwezi uliopita nilikwenda kumwona. Siku hizi tunapita daraja, dakika chache umefika, hata samaki huoni. Bado yupo, redio ni nyingine. Anavaa fulana, ameacha mashati. Nilimpelekea kilo mbili za sukari, nikaambiwa ana kisukari, nikarudi nazo. Nilimwomba radhi kwa habari ya ule mlango. Alinyamaza muda, akaongeza sauti ya redio kidogo, halafu akasema taarifa ya habari inaanza.

Kuhusu yule mama Mwingereza, sijui huko mna utaratibu gani, na wewe ni mwajiriwa usije ukaponzwa na mimi. Lakini kama chumba kile siku moja kitakuwa wazi, na msimamizi akikubali, mfungulie aingie akae kidogo upande wa ndani.

Dagaa wako nimempa yule kijana wa jirani anayesafiri tarehe 14. Nimewakausha vizuri, nikawafunga mifuko mitatu, lakini mwambie asiwaweke pamoja na nguo zake.

Mama yako.